Gombo la Mpini wa Ufagio

Katika jadi ya utenzi, mshairi haagi bila ya kujitaja. Beti za mwisho huwa za jina lake, nasaba yake, mji wake, pengine na tarehe aliyomaliza kazi, na mara nyingi idadi ya beti alizotunga. Wasomaji wengi wa siku hizi hupita mbio hapo, kana kwamba chakula kimekwisha liwa na sasa vinaoshwa vyombo. Wanapita mahali pazito. Idadi ya beti haitajwi kwa majivuno. Hutajwa ili mnakili asipunguze wala asiongeze, na jina hutajwa ili awepo mtu wa kuulizwa. Utenzi usio na jina waweza kuwa na uzuri wake, ila hauna wa kuujibia.

Upo utungo mwingine ambao tamati yake ndiyo karibu utungo wote. Huo ni waraka wa maombi: karatasi yenye sentensi chache za haja hapo juu, na chini yake majina, mamia au maelfu, ya watu waliotia saini kuikubali haja ile. Wahakiki wa fasihi hawajauhesabu miongoni mwa tanzu zao. Wamewaachia wanahistoria na wanasheria. Hata hivyo Kiarabu, ambacho mwambao umekopa kwacho neno arudhi kwa maana ya kanuni za shairi, huyaita maombi yanayopelekwa kwa mtawala kwa neno la shina hilo hilo. Udugu wa maneno hauthibitishi udugu wa mambo, ni kweli. Lakini watosha kumfanya mpenzi wa mashairi aufungue waraka mmoja mashuhuri na kuusoma kama asomavyo diwani.

Waraka wenyewe ni wa Nyuzilandi, visiwa vilivyo mbali kusini mwa Bahari ya Pasifiki, nao ulifikishwa katika Bunge la huko mwaka 1893. Uliomba jambo moja tu, kwamba wanawake waruhusiwe kupiga kura ya kuwachagua wabunge. Mwaka huo nyaraka zote za haja hiyo zilikuwa kumi na tatu, zenye saini karibu 32,000. Ule mkubwa peke yake ulikuwa na saini zaidi ya 25,000. Takribani robo ya wanawake wazima wenye asili ya Ulaya katika nchi ile walikuwa wameandika majina yao. Karatasi zilizotawanywa mijini na mashambani zilirejea Christchurch kwa Kate Sheppard, kiongozi wa kampeni. Huko zikabandikwa kwa gundi, moja chini ya nyingine, zaidi ya karatasi 500, hata zikawa utepe mmoja wa mita 270 hivi. Na utepe ule ukazungushwa kwenye kipande cha mpini wa ufagio. Sir John Hall, mbunge aliyekuwa akiitetea haja hiyo kwa miaka, alilifungulia gombo lile katikati ya ukumbi wa Bunge. Likabingirika baina ya wabunge, majina yakifunuka nyuma yake, mpaka likagota kwenye ukuta wa mwisho.

Kishindo kile ndicho kinachosimuliwa kila mara, na si ajabu, kwani masimulizi hupenda kishindo. Mpini wa ufagio nao umepata sifa yake: chombo cha kazi ya ndani ya nyumba kimeingizwa katika nyumba ya wanaume watupu, na hapana mshairi ambaye angekataa istiari kama hiyo akipewa bure. Lakini anayehakiki gombo kwa kishindo chake ni sawa na anayehakiki shairi kwa makofi ya wasikilizaji. Yanayostahili kutazamwa ni mawili: maneno yaliyoandikwa juu ya kila karatasi, na njia ambayo majina yalipitia hata yakafika chini yake.

Maneno, lazima isemwe, ni makavu. Ni Kiingereza cha ofisi cha karne ya 19, chenye unyenyekevu uliopangwa tayari, fomula ambayo yeyote aliyeliomba Bunge jambo lolote, liwe daraja au kodi, alilazimika kuipitia. Hamna tashbihi, hamna taswira, hamna hata hasira. Msomaji aliyezilea sikio zake kwa nasaha za Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858 aliweza kufuma wosia na dua katika uzi mmoja, ataliona hilo kuwa ni jangwa.

Wala si kwamba kalamu ilikosekana. Sheppard alikuwa mwandishi hodari. Mwaka 1888 alitoa kijikaratasi chenye sababu kumi za kuwapa wanawake kura, kilichoandikwa kwa dhihaka nyepesi na mantiki kali. Kuanzia mwaka 1891 alihariri ukurasa wa wanawake katika gazeti la The Prohibitionist, akijificha nyuma ya lakabu ya Penelope, mke yule wa hadithi za Kiyunani aliyefuma nguo mchana na kuifumua usiku ili wachumba wasimpate. Washairi wa magazeti ya Kiswahili, ambao kila mmoja ana lakabu yake na hataki kuguswa nayo, watatambua mara moja kwamba mwenye kuchagua jina hilo anaijua kazi ya maneno. Basi kwa nini mtu aliyekuwa na ulimi wa namna ile gazetini akautia ufunguo kinywani mwa waraka?

Jawabu limo katika umbo lenyewe. Pambo la lugha ni mali ya mtu mmoja. Istiari nzuri humtangaza aliyeizua, na mwingine anayetia jina lake chini yake hubaki mgeni katika nyumba ya watu, akisifu mazulia. Sentensi kavu ni kama baraza la nje: kila apitaye huweza kuketi bila ya kuomba ruhusa. Mke wa mfugaji kondoo, mwalimu, mshonaji wa kiwandani na mke wa waziri wa dini, wote walipaswa kuweza kuyasema maneno yale kama yao, na kila neno lililopendeza kupita kiasi lingemfukuza mmoja wao. Kwa hiyo umaskini wa lugha ya gombo haukutokana na kukosa sanaa. Ni kujinyima kwa makusudi kwa mwandishi aliyejua kwamba safari hii yeye si mtunzi. Mashairi ya siasa ya leo, yanayotungwa kwa jina la umma na kumwonyesha mtungaji katika kila kipande, yangeweza kujifunza hapa.

Kisha njia ya majina. Karatasi hazikubeba majina matupu. Zilibeba na anwani, na anayezisoma kwa utaratibu huona watu wa nyumba moja wakifuatana, na wa mtaa mmoja wakifuatana, hati moja ikiwa ya haraka na inayofuata ya mkono uliotulia. Kila karatasi ni kumbukumbu ya matembezi ya mtu. Mtu huyo, aliyebisha hodi, akaeleza, akashika wino na kusubiri, aghalabu hajulikani. Wakusanyaji walikuwa wanawake wa kujitolea. Wengi walitoka katika chama cha Kikristo cha wanawake cha kupinga ulevi kilichoanzishwa Nyuzilandi mwaka 1885. Huko Dunedin, mji wa kusini, waliungana na umoja wa haki ya kura ulioundwa mwaka 1892, ambamo walikuwamo Helen Nicol, na Harriet Morison wa chama cha washonaji. Hawakulipwa. Na hawakuifanya kazi hiyo mara moja. Mwaka 1891 walikusanya saini zaidi ya 9,000. Mwaka 1892 zaidi ya 19,000. Kila Bunge lilipokataa, majina yale yalikwisha kazi yake, na ilibidi wakusanyaji warudi katika milango ile ile kuomba upya. Mpenzi wa nyimbo atakiona hapo kiitikio: mshororo mmoja unarudiwa mara tatu bila kubadilika, na kila unaporudi waitikiaji wameongezeka.

Chama hicho hakipaswi kupakwa rangi ya malaika. Miongoni mwa maombi yake ya mwanzo, ambayo Bunge halikuyajali, lilikuwamo la kutaka wanawake wasiajiriwe kuuza pombe katika baa, yaani waombaji waliotafuta uhuru wao walianza kwa kutaka kuwafungia wenzao mlango wa riziki. Lakini ni kule kupuuzwa kulikowafundisha hesabu. Aliye na kura hutaka. Asiye na kura huomba, na aombaye hutegemea hisani ya masikio ya mwingine.

Uzito wa saini hizo haupimiki mpaka ziwekwe karibu na saini za upande wa pili. Mbunge mmoja wa Dunedin, Henry Fish, aliyepinga kura ya wanawake, alitambua kwamba waraka hujibiwa kwa waraka. Akakodi watu wa kuzungusha karatasi za upinzani katika vilabu vya pombe. Majina yakapatikana. Muda si mrefu ikagundulika kwamba baadhi ya saini zilikuwa za uongo na nyingine zimepatikana kwa hadaa, na waraka ule ukamrudia mwenyewe kama jiwe lililotupwa juu. Wasomaji wa mwambao wanayajua mashairi ya kujibizana, na wanaijua sheria yake kuu: anayejibu lazima ashike bahari ile ile, vina vile vile, mizani ile ile, lakini awe na lake la kusema. Fish alishika mizani. Karatasi yake ilikuwa na haja juu na majina chini, na kwa jicho la mpita njia hapakuwa na tofauti. Kilichokosekana ni kile ambacho hakuna kanuni ya arudhi inayoweza kukiamuru, yaani kwamba kila jina liwe limetolewa na mwenyewe, akijua analitolea nini, mbele ya mtu ambaye angeweza kumfungia mlango.

Hapa ndipo kujitolea kunapoacha kuwa sifa ya tabia njema na kuwa jambo la kiuhakiki. Mkusanyaji wa kulipwa hulipwa kwa jina. Kwake jina ni kipande cha kazi, na likikataa kuja kwa hiari kuna njia ya kulileta. Mkusanyaji asiyelipwa hana faida yoyote katika jina la uongo. Akikataliwa, amepoteza dakika na kuchakaza kiatu. Akidanganya, ameidanganya haja yake mwenyewe. Kwa hiyo kazi isiyo na ujira ndiyo dhamana ya maandishi, kama vile idadi ya beti ilivyo dhamana ya utenzi. Hili lafaa kukumbukwa na wale ambao siku hizi huhesabu majina yaliyotiwa kwa kugusa kioo cha simu, maelfu kwa saa moja, bila ya mtu kumtazama mtu. Si kwamba majina hayo ni ya uongo. Ni kwamba hayajabishiwa hodi.

Kisa cha kufadhaisha zaidi ni cha Uingereza, nusu karne kabla. Wafanyakazi waliojulikana kama Wachati, waliodai kura kwa kila mwanamume mzima, walipeleka Bungeni waraka wa saini zaidi ya 1,200,000 mwaka 1839 na mwingine wa zaidi ya 3,300,000 mwaka 1842, na zote mbili zikakataliwa. Mwaka 1848 kiongozi wao Feargus O'Connor alitangaza kwamba waraka wa tatu una saini zaidi ya milioni tano. Makarani wa Bunge wakahesabu: hazikufika milioni mbili. Tena miongoni mwa majina likawamo la Malkia Victoria, na mengine ya mzaha. London nzima ikacheka, na kicheko kile kikazifunika saini karibu milioni mbili ambazo nyingi zake zilikuwa za watu wa kweli wenye njaa ya kweli. Waandishi wa historia wamewatetea Wachati kwa hoja nzuri: mtu aliyeogopa kufukuzwa kazini alikuwa na sababu ya kuandika jina la bandia. Utetezi huo unakubalika, na bado hautibu jeraha. Kiongozi alitaja katika tamati idadi ya beti ambazo hakuwa nazo. Ingekuwa amesema milioni mbili kasoro, angekuwa amesema jambo la kutisha.

Wanawake wa Nyuzilandi walihesabu vizuri. Je, hesabu yao ndiyo iliyoleta sheria? Hapa uhakiki hauna budi kuwa mkweli kuliko masimulizi ya maadhimisho. Muswada ulipita katika Baraza la juu tarehe 8 Septemba 1893 kwa kura 20 dhidi ya 18. Waziri Mkuu Richard Seddon, asiyeitaka sheria hiyo, alikuwa amemshinikiza mjumbe mmoja wa chama chake abadili kura yake. Wajumbe wawili wa upinzani, ambao nao hawakuitaka, wakakasirishwa na hila ile na kuupigia muswada kura ya ndiyo. Tarehe 19 Septemba Gavana akatia saini yake, na Nyuzilandi ikawa nchi ya kwanza yenye kujitawala kuwapa wanawake wote wazima kura ya Bunge. Mtu aweza kusema, basi, kwamba saini 32,000 zilishindwa na hasira za wanaume wawili, au zilisaidiwa nazo, apendavyo. Lakini wawili hao wasingalikuwa na cha kukasirikia lau muswada usingalifika mbele yao, ukiwa umekaribia kupita kiasi cha kumtia Waziri Mkuu wasiwasi. Mashairi nayo hufanya kazi kwa namna hiyo. Muyaka hakumwangusha mtu kwa beti zake. Alitengeneza hewa ambayo ndani yake mambo fulani yaliweza kusemwa sokoni Mombasa, na mengine yakawa aibu kusemwa.

Kasoro halisi ya gombo iko kwingine, na iko katika haja yenyewe. Mwezi Mei wa mwaka ule ule, miezi michache kabla ya sheria, mwanamke wa Kimaori, Meri Te Tai Mangakāhia, alisimama mbele ya bunge la Wamaori, Te Kotahitanga, na kutaka wanawake wapige kura ya kuwachagua wajumbe wa bunge hilo. Hakuishia hapo: alitaka pia wakae ndani yake. Hoja yake ilitoka katika ardhi: wako wanawake wa Kimaori wenye ardhi zao na wanaojua kuzisimamia, na maombi ya machifu wanaume hayajawafaa kitu. Hakuwa na karatasi 500. Alikuwa na sauti moja, na sauti ile iliomba zaidi ya gombo zima. Gombo liliomba kura likanyamaza kuhusu kiti. Na kimya hicho kilikuwa na gharama, kwani wanawake wa Nyuzilandi hawakuruhusiwa kugombea ubunge mpaka mwaka 1919, na wa kwanza kuchaguliwa, Elizabeth McCombs, aliingia mwaka 1933. Miaka arobaini. Hiyo ndiyo bei ya baraza la nje: kila mtu aweza kuketi hapo, lakini baraza si ndani ya nyumba. Sentensi iliyosafishwa mpaka imfae kila mmoja huenda imepunguzwa hata ikafika pale alipo mwoga wa mwisho. Msemaji mmoja kwa mdomo wake, mbele ya watu wake, hana sababu ya kumngoja mwoga.

Msomaji wa Unguja na Pemba hana haja ya kuitazama habari hii kama ya ng'ambo. Uchaguzi wa kwanza wa visiwa hivi, Julai 1957, ulikuwa wa wanaume, nao si wote. Wanawake walipiga kura mara ya kwanza Januari 1961, miaka sitini na saba baada ya wenzao wa Pasifiki, wakati visiwa vyote hivyo viwili, kwa nyakati zake, vilikuwa chini ya taji moja la Uingereza. Wanawake wa mwambao hawakukosa sauti katika kipindi chote hicho. Walikuwa na lelemama, na vijembe ambavyo hakuna karani angethubutu kuviandika. Kilichowakawilia ni karatasi ya kuyabeba majina yao hadi mahali ambapo sheria hutungwa, na watu wa mahali hapo kulazimika kuyahesabu.

Gombo la 1893 lipo Wellington, na tangu mwaka 2017 limewekwa katika chumba chenye mwanga hafifu cha Maktaba ya Taifa, jirani na Mkataba wa Waitangi wa mwaka 1840. Utepe wa mita 270 hauwezi kufunguliwa wote chumbani. Mtazamaji huona kipande tu, kilichobaki kimezunguka. Pengine ni sawa, kwani hata diwani haisomwi kurasa zote kwa mara moja. Majina yake yamenakiliwa katika orodha, na vitukuu huja kutafuta jina la bibi wa bibi yao, mji gani, mtaa gani. Wengine hulipata. Wengine hawalipati, na si lazima iwe bibi yule alikataa kutia saini. Zile nyaraka nyingine kumi na mbili za mwaka ule, zenye majina zaidi ya 6,000, zimepotea, na kilichobaki kwao ni idadi.